Profesa Atueleze Mambo Yanavyoendeshwa, Si Nani Atashinda

Kwa miezi kadhaa kabla ya Februari 15, 2025, maprofesa na wahadhiri wa sayansi ya siasa walikuwa wageni wa kila siku katika redio na runinga zetu, na karibu wote waliulizwa swali moja: je, Raila Odinga atashinda uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika? Hapa Kisumu swali hilo halikuwa la kupitishia wakati. Watu walifuatilia matokeo kutoka Addis Ababa raundi baada ya raundi, na yalipotangazwa wakabaki wakiulizana ilikuwaje mtu aliyeongoza mwanzoni akashindwa mwishoni. Walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu wataalamu wengi niliowasikia katika kipindi hicho walizungumzia sifa za mgombea: kwamba aliwahi kuwa waziri mkuu, kwamba alikuwa mwakilishi wa Umoja wa Afrika katika masuala ya miundombinu, kwamba marais wengi barani walimjua vyema. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini hayakutosha kumwandaa msikilizaji kwa kile kilichotokea.

Kilichotokea kilitokana na kanuni ambazo zilikuwa wazi tangu mwanzo. Umoja wa Afrika una nchi wanachama 55, na wakati huo sita zilikuwa zimesimamishwa, nazo ni Burkina Faso, Gabon, Guinea, Mali, Niger na Sudan, hivyo zilizobaki na haki ya kupiga kura zilikuwa 49. Mshindi hupatikana kwa theluthi mbili, yaani kura 33, na kura hiyo ni ya siri, kwa hivyo ahadi ya rais mbele ya kamera haimfungi ndani ya ukumbi. Raundi tatu zikipita bila mshindi, wanaobaki ni wawili wa juu. Raundi nyingine tatu zikipita, mwenye kura chache kati ya hao wawili anakaa kando na mwenzake anapigiwa kura akiwa peke yake. Katika raundi ya kwanza Raila alipata kura 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akapata 18, na Richard Randriamandrato wa Madagascar akapata 10. Aliyezijua kanuni hizi aliona papo hapo kwamba kura 20 hazikuwa ushindi wa aina yoyote, na kwamba swali lililobaki ni kura za mgombea wa tatu zingeelekea wapi. Nyingi zilielekea Djibouti, na katika raundi ya saba Youssouf, akiwa amebaki peke yake, akapata kura 33.

Nimeanza na kura hiyo kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria kuhusu nafasi ya wasomi wetu katika mijadala ya umma. Tunamwalika profesa studioni, tunamwita kwa cheo chake, kisha tunamwuliza jambo ambalo elimu yake haimpi uwezo wa kulijua, yaani nani atashinda. Lile analolijua kuliko sisi sote, namna taasisi zinavyofanya kazi na sababu zinavyozaa matokeo, tunampa dakika mbili mwishoni mwa kipindi alimalize haraka. Yeye naye hukubali, kwa sababu utabiri ndio unaomrudisha studioni wiki inayofuata. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nadhani tumewasifu wasomi wetu kwa ujasiri wa kutabiri mpaka wengine wamesahau kwamba kazi yao ya asili ni kufafanua.

Ufafanuzi unapofanywa vizuri, matunda yake hudumu. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, na siku zilizofuata wahadhiri wa sheria walifanya kazi ambayo hadi leo naiheshimu. Walieleza kwa nini mahakama ilisema kwamba uchaguzi ni mchakato wala si tukio la siku moja. Walieleza Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, kinachoeleza ni makosa yapi yanaweza kubatilisha uchaguzi, na wakaonyesha njia ya matokeo kutoka Fomu 34A ya kituo cha kupigia kura, hadi Fomu 34B ya eneo bunge, hadi Fomu 34C ya taifa. Walitumia maneno ambayo mtu aliyeishia darasa la nane aliyaelewa.

Pitia mitaa ya Kondele au Nyalenda hapa Kisumu leo, uketi na watu wanaojadili siasa, na utaona elimu hiyo bado iko. Mama anayeuza samaki atakwambia kwamba Fomu 34A hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kura kuhesabiwa, na kwamba mawakala wakishatia sahihi, tarakimu zilizoko mlangoni lazima zilingane na zilizofika Nairobi. Mwaka wa 2022 tume ya uchaguzi ilipoweka picha za fomu hizo kwenye mtandao, kutoka vituo zaidi ya 46,000, vijana wa mitaa hiyo walikaa usiku kucha wakijumlisha wenyewe. Wengine walikasirishwa na jumla waliyoipata na wengine waliridhika, lakini wote walijua walichokuwa wakikitafuta. Sikumbuki hata utabiri mmoja wa mwaka wa 2017 uliotuachia kitu cha namna hiyo. Kura za maoni za mwaka wa 2022 nazo, ambazo nyingi zilimweka Raila mbele, zilisomwa studioni kana kwamba ni matokeo yenyewe. Walioeleza maana ya kiwango cha makosa katika kura hizo, au uzito wa watu waliosema bado hawajaamua, walikuwa wachache. William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, na kwa pengo dogo kama hilo, ufafanuzi wa makosa ya takwimu ungekuwa na faida kuliko utabiri wowote.

Upungufu huu ni mkubwa zaidi katika mambo ya nje. Kuna dhana kwamba siasa za kimataifa ni za Nairobi, kwa mabalozi na kwa watu wanaosafiri, na kwamba mtu wa Kericho, Nandi au Migori huzisikiliza kwa udadisi tu. Chukua majani chai. Februari 2025 serikali yetu iliruhusu kundi la wapiganaji la RSF la Sudan, linalopigana na jeshi la nchi hiyo, na washirika wake kukutana Nairobi na kutia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ilighadhabika, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo. Mjadala uliofuata katika vyombo vya habari ulikuwa mkali, ila ulikuwa wa lawama: nani alikosea, nani alihongwa, nani aombe radhi. Mkulima mdogo aliyechuma majani yake asubuhi na kuyapeleka kwenye kituo cha ununuzi hakupata mtu wa kumwonyesha jinsi mkutano ule wa Nairobi ulivyoweza kumfikia mfukoni.

Njia yenyewe inaelezeka. Majani yake yanakwenda kiwandani, chai iliyosindikwa inakwenda kwenye mnada wa Mombasa, na pale inauzwa kwa dola. Mnunuzi mmoja anapoondoka sokoni, chai aliyokuwa akiinunua haitoweki, bali inabaki ghalani au inauzwa kwa mwingine kwa bei ya chini. Mwisho wa mwaka wa fedha, baada ya gharama kuondolewa, kinachobaki ndicho kinachorudi kwa mkulima kama bonasi. Oktoba 2025 wakulima wengi wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika kwa uchungu juu ya bonasi iliyoshuka, na wako waliosikia kwamba Sudan ndiyo chanzo, wengine wakaambiwa ni wizi wa wakurugenzi, wengine wakaambiwa ni ubora wa majani yao. Mchumi makini angesema kwanza kwamba sababu ni nyingi, kisha angezipima. Angetaja dola, kwa mfano. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na katika mwaka wa 2025 ilikuwa karibu shilingi 129. Chai ikiuzwa Mombasa kwa bei ileile ya dola, mkulima anapata shilingi pungufu hata kama Sudan haikufunga mlango wake. Shilingi iliyoimarika, ambayo mjini tuliishangilia kwa sababu mafuta na mbolea huagizwa kwa dola, kwa mkulima wa chai ilikuwa na uso mwingine. Angeeleza pia kwa nini viwanda vya mashariki mwa Bonde la Ufa hulipa bonasi kubwa kuliko vya magharibi, jambo ambalo lilikuwepo kabla ya vita vya Sudan. Baada ya maelezo hayo mkulima angeweza kuamua mwenyewe ni lawama kiasi gani aielekeze wapi. Huo ndio uchambuzi wa mambo ya nje ninaoudai.

Na nani angeufanya vizuri kuliko wasomi walioko huku huku? Egerton, iliyoanza kama shule ya kilimo pale Njoro mwaka wa 1939, ina wachumi wa kilimo ambao wametumia miaka mingi kufuatilia bei za mazao. Chuo Kikuu cha Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Kibabii kule Bungoma, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Moi kule Eldoret, vyote vina watu wanaoishi karibu na mipaka na ziwa. Hata hivyo, runinga zikitaka maoni kuhusu uhusiano wetu na Uganda, hutafuta mtu anayeweza kufika studio ya Nairobi kabla ya saa moja jioni.

Migingo ni mfano mwingine ambao haujawahi kutendewa haki. Ni kisiwa cha mwamba katika Ziwa Victoria, kidogo kuliko uwanja wa kandanda, kimebanwa na mabati kutoka ukingo hadi ukingo, na wavuvi wa mbuta kutoka Migori wamekuwa wakigombana na maafisa wa Uganda juu yake kwa takriban miongo miwili. Kila mvuvi akikamatwa, studio hujaa kauli za kizalendo. Mpaka wenyewe uliandikwa katika amri ya Uingereza ya mwaka wa 1926, inayotaja visiwa na mito kwa majina, na upimaji wa pamoja wa nchi hizi mbili ulianza mwaka wa 2009. Msomi wa historia au wa sheria za kimataifa angeweza kutusomea maelezo hayo ya mpaka, atuonyeshe kwenye ramani, kisha atueleze kwa nini kuwa na haki juu ya mwamba hakumalizi suala la samaki, ambao hawaujui mpaka. Nasema haya kwa sababu nadhani mvuvi wa Muhuru Bay ana akili ya kutosha kuyafuata, na kwa sababu kumlisha hasira peke yake ni kumdharau.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu vyeo. Katika vyuo vyetu kuna ngazi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshirika na profesa kamili, na kila ngazi hupatikana kwa utafiti katika eneo dogo. Studioni ngazi hizo hupotea, kila mwenye kufundisha chuo akawa profesa, na kila profesa akawa mtaalamu wa kila kitu kuanzia Gaza hadi mgogoro wa chama cha kaunti. Simlaumu mtangazaji peke yake. Msomi mwenyewe anapaswa kusema, kabla hajajibu, hili nimelifanyia utafiti na hili nalisema kama raia mwenzenu. Raia ana haki ya maoni, na maoni ya raia aliyesoma sana yanaweza kuwa mazuri, lakini msikilizaji akijua yapi ni ya utafiti na yapi si ya utafiti atayapima tofauti.

Marehemu Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyeaga dunia Januari 2025 na aliyefundisha Maseno katika miaka yake ya baadaye, alituachia mfano ambao sijaona ukizungumzwa inavyostahili. Alipoanza kazi yake, walikuwapo wasomi waliodai kwamba historia ya watu wasio na maandishi haiwezi kuandikwa. Alikwenda kwa wazee, akakusanya masimulizi, akayalinganisha ukoo kwa ukoo na kizazi kwa kizazi, na msomaji wake aliweza kuona alikolitoa kila jambo. Baadaye akahariri juzuu ya tano ya historia ya Afrika ya UNESCO. Mamlaka yake hayakutokana na cheo, bali yalitokana na kuweka ushahidi wake mezani ili mwingine aukague. Mchambuzi wa runinga hana muda wa kufanya hivyo kwa kila sentensi, lakini sentensi moja ya kusema nimelitoa wapi inawezekana hata katika kipindi cha dakika kumi.

Lipo suala gumu zaidi, nalo ni la maslahi. Kuna wakati msomi wa Kenya alilipa gharama kubwa kwa kusema. Mwaka wa 1982 wahadhiri kama Willy Mutunga, Al-Amin Mazrui na Edward Oyugi waliwekwa kizuizini, na wengine wakakimbilia ng'ambo. Mutunga aliishia kuwa Jaji Mkuu mwaka wa 2011, chini ya Katiba ambayo Kifungu chake cha 33 kinataja uhuru wa kitaaluma kwa jina. Uhuru huo upo na tunautumia. Shinikizo la leo ni la upole zaidi: kuna nafasi katika bodi za mashirika ya umma, kuna mabaraza ya vyuo ambayo wanachama wake huteuliwa na waziri, kuna kazi za ushauri kwa magavana na wagombea. Msomi anayetarajia uteuzi hahitaji kutishwa ili apunguze ukali wa neno lake. Yule anayeandika hotuba za mgombea mchana hawezi kuwa mchambuzi huru usiku, hata akiwa na nia njema.

Sisemi kwamba msomi asiingie siasa. Gavana wetu wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, ni profesa wa sayansi ya siasa aliyekuwa bungeni na katika baraza la mawaziri, na anapozungumzia ugatuzi kila mtu anajua anaongea akiwa upande gani. Hakuna anayedanganywa. Anayenisumbua ni yule ambaye upande wake haujatajwa, ambaye maandishi chini ya skrini yanamtambulisha kwa jina la chuo tu huku yeye analipwa na kambi fulani. Wahariri wanaweza kulirekebisha hili wiki hii, bila sheria mpya wala kamati: wamwulize kila mgeni kabla ya kipindi kama anafanya kazi na chama, mgombea, serikali ya kaunti au ubalozi wowote, kisha wamtangazie msikilizaji jibu lake. Atakayekataa kujibu asialikwe.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala katika majarida ya kitaaluma, na mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba wakidai shilingi 7.9 bilioni za makubaliano ya zamani. Ni vigumu kumwambia mtu aliyedhulumiwa malipo yake atumie jioni zake kuufafanulia umma siasa za Umoja wa Mataifa. Lakini chuo kinaweza kuihesabu kazi hiyo wakati wa kupandisha vyeo, na kinaweza kuwapa wahadhiri wake nafasi. Maseno, Egerton na Moi zina idara za Kiswahili. Mhadhiri wa sayansi ya siasa na mwenzake wa Kiswahili wakiketi pamoja kwa saa moja, wataandaa maelezo ambayo redio za Kisumu, Kakamega na Nakuru zitayatumia kwa miaka.

Muda tulionao unatosha kama tutaanza sasa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na tangu sasa maswali ya nani atashinda yameanza kuulizwa studioni. Ningependa wahariri wa eneo hili waanzishe kipindi kimoja kwa wiki ambamo swali hilo haliruhusiwi. Kipindi cha kwanza kianze na Kifungu cha 138 cha Katiba: kwa nini rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa na pia angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, na nini hufuata wasipopatikana wa kutimiza masharti hayo. Cha pili kihusu siku saba za kuwasilisha kesi na siku 14 za Mahakama ya Juu kuiamua, na kinachowezekana na kisichowezekana kuthibitishwa katika siku hizo. Cha tatu kipelekwe Busia na Malaba, kwenye mpaka wetu na Uganda, profesa aeleze foleni ya malori inahusiana vipi na maamuzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, madereva wenyewe wakiwepo wa kumwuliza maswali.